Gari la Baba, Kabla Njia Haijakauka

Machi 6

Mvua imeanza leo asubuhi, na Kaka naye kaanza. Sijui kipi kibaya zaidi. Ameshuka na begi moja la nguo na masanduku matatu ya vyuma, akasimama mlangoni analowa, akasema, "Mdogo wangu, nimestaafu. Nimekuja kufufua gari la Baba." Nilikuwa na pini nne mdomoni, sikuweza kumjibu. Pengine ni heri.

Naandika haya kwenye daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma, ili siku nikimrushia Kaka spana watu wajue nimevumilia tangu lini.

Machi 7

Gari lenyewe liko nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha bati. Rangi yake ilikuwa ya maziwa. Limenizidi umri, na mimi si mtoto. Kwa miaka ishirini na miwili halijasogea, kuku wanataga humo.

Lilikufa siku Baba alipokuwa anaagwa kazini. Kaka ndiye aliyekuwa anaendesha. Walipofika katikati ya mlima injini ikagonga, ikakaza, haizunguki mbele wala nyuma. Baba aliingia kwenye sherehe yake akiwa juu ya lori la mchanga, na suti mpya. Aliporudi hakufungua hata boneti. Mtu mwenye hasira hafungui boneti. Alisema Kaka ameua injini kwa kuendesha bila oili. Kaka akasema oili ilikuwepo. Baba akamjibu, "Ilikuwepo? Kwa hiyo injini imekufa kwa huzuni?" Akamnyang'anya ufunguo, akanipa mimi. Uko kwenye kopo langu la vifungo mpaka leo, na Baba tumeshamzika.

Mama naye siku hiyo aliapa hatapanda gari lolote atakaloendesha Kaka. Mama akiapa, ameapa. Kaka ameendesha malori ya mizigo miaka yote bila kukwaruza hata ukuta wa mtu, lakini akija na gari la kuazima ampeleke Mama kliniki, Mama anapanda basi. Anakaa kiti cha nyuma kabisa, anasema nyuma kuna hewa. Kaka analifuata basi polepole hadi kliniki, halafu analifuata tena kurudi. Watu wa mtaani wamechoka kucheka.

Leo Mama katoa hukumu. Alikuwa anachambua maharage, amevaa lile gauni lake la njano lenye majani ya kijani, lenye mkono mmoja wa bluu. Akasema gari ameshalitoa kwa mnunua vyuma chakavu, yule tunayemwita Mizani. Lori la Mizani haliwezi kupita kwenye tope. Njia ikikauka, anakuja. "Siku hiyo, kama gari halijatoka kwenye kibanda kwa miguu yake, linapanda mzani. Nataka pa kuanika nguo."

Kaka akasema sawa, Mama. Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini, "Hata lisipopona. Nataka tu kujua liliuawa na nini."

Mimi ninajua liliuawa na nani. Sikumwambia usoni, ni mkubwa wangu.

Machi 9

Mvua. Kaka ameomba ufunguo. Nimemwambia maiti haifunguliwi mlango.

Machi 10

Mvua. Kaka anauliza kifuniko cha oili kiko wapi, tundu liko wazi. Nimemwambia kwa miaka ishirini na miwili hata meno yanapotea, seuze kifuniko.

Machi 14

Leo injini imetoka. Hatuna winchi, kwa hiyo Kaka kafunga nguzo tatu juu kwa mnyororo, akaning'iniza kapi la kisimani, akaniita nishike kamba. Mimi! Nina magauni sita ya harusi ya watu yananisubiri. "Shika tu kwa dakika mbili," akasema. Dakika mbili za Kaka zilikwisha saa tisa alasiri. Injini ilipanda kidogo kidogo, ikaning'inia pale inazunguka taratibu, na nikajikuta napiga kelele, "Inakuja! Inakuja!" kama mkunga.

Vifaa vyote anatengeneza mwenyewe. Kifaa cha kung'olea magurudumu ya meno amekikata kwenye kitanda cha chuma cha zamani. Mama akaona, akashika kiuno.

"Hicho si kitanda nilichokuzalia?"

"Ndicho, Mama. Ndiyo maana kina nguvu."

Mama akageuka haraka asionekane anacheka. Nilimwona.

Machi 15

Kamwaga oili ya zamani. Nyeusi, nzito, imejaa karai zima. Akaja kuniita niione. "Umeona? Umeona oili ilivyokuwepo?" Nikamwambia basi kama oili ilikuwepo, uliendesha vibaya. Akakaa kwenye ndoo, akalitazama karai. Nimejisikia vibaya mpaka jioni, lakini neno likitoka limetoka.

Machi 19

Nilikwenda kumpima bibi harusi. Niliporudi Kaka ameshafungua sampu, lile beseni la chini ya injini linalokaa oili. Alikuwa ananawa, ananawa, kama mtu anayesubiri aulizwe.

"Umeona nini?"

"Chujio la oili liliziba. Oili ilikuwepo, ila haikupanda juu."

"Lilizibwa na nini?"

"Uchafu."

"Uchafu gani?"

"Uchafu tu, wa siku nyingi."

"Kumbe hukuwa unabadilisha oili," nikasema.

"Pengine," akasema Kaka.

Pengine! Mtu amebishana na Baba, amebishana na kaburi la Baba, leo anasema pengine. Nilitegemea ningefurahi kushinda. Chakula hakikupanda.

Machi 26

Tumegombana vibaya. Nimemkuta anakata gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzuia oili isivuje, kwa mkasi wangu wa kitambaa. Mkasi wa kitambaa! Ule wangu wa magauni ya harusi! Hata marehemu mume wangu hakuthubutu kukatia nao bahasha. Nilimfukuza kibanda chote. Halafu nikaona alivyoikata, kingo kama zimetafunwa na panya. Nikamnyang'anya, nikachora kwa chaki yangu, nikakata kwa mkasi wa zamani, matundu kumi na manne, yote yamekaa sawa na bolti zake. Kaka akaishika juu kwenye mwanga.

"Wewe ungekuwa fundi magari, ungetuua njaa sisi wengine," akasema.

Nimezikata zote zilizobaki. Sikusema nimesamehe.

Aprili 2

Mvua ya mawe. Bibi harusi amenenepa, nimefumua mishono yote.

Aprili 4

Pistoni zimerudi ndani. Ringi zake zinataka kubanwa zote kwa pamoja ndipo ziingie kwenye tundu, na kifaa chake hatuna. Kaka kakata kopo la maziwa ya unga, akalizungushia pistoni, akakaza kwa bano la mpira wa maji. Mimi nabana, yeye anagonga taratibu kwa mpini wa nyundo. "Umeshika?" "Nimeshika." "Umeshika kweli?" "Kaka, gonga!" Ya nne ilipozama tulikumbatiana, tukachafuana. Kabureta nimelisafisha mimi kwa sindano ya cherehani namba kumi na moja, inaingia kwenye vile vitundu kama imezaliwa humo.

Nilikuwa nimesahau jinsi Kaka anavyopiga mluzi akifanya kazi. Wimbo hauna kichwa wala miguu. Zamani nilikuwa nikiusikia najua amerudi nyumbani.

Aprili 9

Leo nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Kaka alikwenda kutafuta beringi. Mimi nikatafuta grisi, gurudumu la cherehani linalia. Nikafungua sanduku lake la tatu, lile ambalo siku zote anafunga. Chini ya spana kulikuwa na kitambaa, kimekunjwa mara nne. Kimefuliwa kwa petroli lakini weusi haukutoka wote. Ni cha njano, kina majani ya kijani. Ukingo wake umekatwa kwa mkasi wa meno, na meno mawili yameruka, kwa sababu mkasi wangu wa meno wa wakati ule ulivunjika meno mawili.

Mtu anaweza kusahau uso wa mtu. Mkato wake mwenyewe hausahau.

Asubuhi ile ya sherehe, Kaka alikuwa anaoga. Baba akaniambia nitie oili. Tundu la oili la gari hili liko ubavuni mwa injini, linashuka moja kwa moja chini. Nikatia vizuri tu, sikumwaga hata tone. Kifuniko kikaniponyoka, kikabingirika mtaroni, maji yakakichukua. Na Baba anapiga kelele ndani, shati lake liko wapi, shati lake limepigwa pasi? Begani nilikuwa na kipande cha gauni nililokuwa namshonea Mama. Nikakikunja, nikaziba tundu, nikafunga boneti. Nikajiambia mchana nitanunua kifuniko.

Gari lilipokokotwa kurudi, sikwenda kuangalia. Nilijiambia kitambaa kitakuwa palepale. Baba alikuwa ameshahukumu, na mimi nilifurahi kwamba hakuna aliyeniuliza. Halafu nikapewa ufunguo, mtoto mwema. Miaka ikapita nikasahau kabisa, naapa nilisahau, na nikaendelea kumhesabia Kaka kosa lake kila tulipokutana.

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nawaambia wateja wangu methali hii, nacheka.

Aprili 10

Mvua.

Aprili 11

Mvua. Kaka ameuliza kama naumwa.

Aprili 13

Nimeshona suruali ya mtu, miguu yote miwili ni ya kulia.

Aprili 14

Nimekwenda kibandani na kitambaa mkononi.

"Kaka, hiki nini?"

Akakitazama, akaendelea kupangusa beringi. "Kitambaa."

"Kimetoka wapi?"

"Nani kati yetu ni fundi cherehani?"

"Kaka!"

Akaweka beringi chini. Akasema alikitoa kwenye chujio, kimenyonywa chote, kimesokotwa kama kamba. Alikitambua kabla hakijakauka, kwa sababu kila siku Mama anapita mbele yake amevaa gauni lake.

"Kwa nini hukuniambia? Nilikutukana. Nilisema hukubadilisha oili, ukasema pengine!"

"Ningekuambia ili iweje? Nilitaka kujua, nimejua. Nimelala usingizi siku ile, mdogo wangu, hujawahi kuona."

"Baba amekufa anajua ni wewe."

"Baba amekufa anajua mengi. Alikuwa anajua mimi napenda maboga, na sijawahi kuyapenda."

Nikaanza kulia na kucheka, vyote kwa pamoja, aibu tupu. Kaka hajui kubembeleza. Alinipa tambara la kupangusia oili, nikajifutia uso, nikatoka mweusi kama sufuria. Nikamwambia namwambia Mama leo leo. Akanishika mkono.

"Usimwambie. Mama ana watoto wawili, mmoja ameshamkosea. Muachie huyo mwingine."

Nimekaa mbele ya cherehani sijashona kitu. Miaka yote hii nilidhani Kaka ni mpole kwa sababu ana hatia.

Aprili 21

Injini imerudi mahali pake na giaboksi nyuma yake. Ili klachi ikae katikati, Kaka amechonga mpini wa ufagio ukaenea tundu. Mama anatafuta ufagio wake. Hakuna aliyeuona.

Nimetengeneza kifuniko kipya cha oili. Nimekata mti mgumu, nikauvika ngozi, nikaufunga kwenye injini kwa mkanda wa ngozi, mishono miwili, uzi wa viatu. Hata kitake vipi hakianguki mtaroni.

Aprili 29

Jua siku nzima. Mizani kapita kwa miguu, anapima tope kwa kijiti. "Wiki mbili," akasema. "Likipiga jua, wiki mbili." Alilitazama gari kwa jicho la mchinjaji. Nilimwambia aondoe kijiti chake kwenye njia yetu.

Mei 5

Nimefungua kopo la vifungo. Nilimkuta Kaka ameinama kwenye mota ya kuwashia, nikaweka ufunguo juu ya fenda, lile bati la juu ya gurudumu. Alinyanyuka, akauona. Akapangusa mikono kwanza, kidole kimoja kimoja, ndipo akauchukua.

Akawasha. Ikakohoa. Akawasha tena, moshi mweupe, kuku wakakimbia, halafu ikashika! Ikanguruma, bati la kibanda likacheza, Mama akatoka na mwiko mkononi. Kaka akaweka bomba la mpira kwenye sikio, ncha nyingine kwenye injini, akasikiliza kila pistoni kama daktari. Akanipa na mimi. Sikuelewa kitu, lakini nilisikia kila kitu.

Akatia gia. Gari likatetemeka, likapiga kelele ya chuma chini, halikusogea hata shibiri.

"Kumbe linajua kuimba tu," akasema Mama, akarudi jikoni.

Mei 8

Ni ile nondo ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, mafundi wanaita propela. Kiungo chake kimeliwa na kutu. Hakuna dukani, gari lenyewe halipo tena duniani, viungo vyake vitoke wapi? Jua linawaka. Tope limeanza kupasuka.

Mei 10

Kaka amepata kiungo cha gari lingine, kimezidi kidogo. Siku mbili anakikwangua kwa tupa, anakipima kwa uzi wangu, anakwangua tena. Nimemshikia. Mikono yake imetoka malengelenge, nimemfunga vitambaa. Alisema nimefunga vizuri ila rangi hazioani.

Mei 12

Mizani alikuja asubuhi na lori, limepita njia bila kukwama. Kaka alikuwa bado yuko chini ya gari, miguu tu nje. Mama akasema, "Mwanangu, ahadi ni ahadi." Sauti kutoka chini ikasema, "Bolti moja, Mama." Mizani akaanza kukunjua minyororo yake. Nilisimama kati yake na gari nikiwa na mkasi wangu wa kitambaa mkononi. Sikumtishia. Nilikuwa nimeushika tu.

Kaka akatoka, akaingia, akawasha, akatia gia. Gari la Baba likatoka kwenye kibanda kwa miguu yake, likapita bandani kwa kuku, likazunguka uwanja, likasimama mbele ya Mama. Mizani mwenyewe alipiga makofi, halafu akakumbuka biashara yake akaacha.

Kaka akashuka, akafungua mlango wa mbele. "Karibu, Mama."

Mama akalitazama gari sana. Alipitisha mkono kwenye boneti. "Nimeona. Limepona, libaki," akasema. "Lakini dereva ni yuleyule. Mimi na basi langu."

Kaka akafunga mlango taratibu, akatabasamu. Tabasamu lile sikuweza kulivumilia.

"Mama," nikasema. Kaka akatikisa kichwa. Nikakitoa kitambaa kifuani. "Mama, aliyeua injini ni mimi." Nikamwambia yote, kifuniko, mtaro, shati la Baba. Mizani naye akasikia, na asikie.

Mama akanyoosha mkono. "Nipe." Akakitandaza kitambaa juu ya ule mkono wa bluu wa gauni lake, akakivuta huku na huku.

"Miaka ishirini na miwili nakuuliza kwa nini mkono huu ni wa bluu."

"Ndiyo, Mama."

"Unaniambia ndio mtindo."

"Ndiyo, Mama."

"Mtindo!" Akanipiga begani na kitambaa, hakikuuma. Halafu akamgeukia Kaka, na sauti yake ikabadilika. "Na wewe ulijua?"

"Tangu Machi."

"Ukanyamaza."

"Nilishazoea, Mama."

Mama akaweka mkono mdomoni. Sijawahi kumwona Mama akilia mchana, mbele za watu. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekupandia mabasi mbele ya macho yako. Unadhani nilikuwa nakaa kiti cha nyuma kwa ajili ya hewa? Nilikuwa nakutazama kwenye kioo cha nyuma njia nzima. Nilikuwa naomba usinipotee."

Kaka akafungua tena ule mlango wa mbele, mikono imefungwa vile vitambaa vyangu visivyooana. Mama akapanda, akapanga gauni lake, akauliza, "Oili mmeangalia?"

"Tumeangalia, Mama," tukasema wote wawili.

"Na kifuniko?"

"Kimeshonwa, Mama."

"Basi twende. Pitia mlimani."

Walikuwa wanaongea huko mbele, Kaka anapiga mluzi katikati ya maneno, mlima tukaumaliza bila kuuona. Mimi nilikaa nyuma. Nyuma kuna hewa.